Kurabu wa Mombasa yuko njiani kwenda Kitengela

Mwezi wa Juni 2024, Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, lilitangaza kwamba kufikia tarehe 31 Desemba ya mwaka huo kunguru milioni moja watakuwa wameangamizwa nchini Kenya. Tangazo hilo lilisikika duniani kote, na kila redio ilikuwa na la kusema. Desemba ikaja, ikapita. Leo ukisimama Marikiti asubuhi, au pale Kongowea malori ya vitunguu yanaposhusha, utawakuta wako pale pale. Kule Malindi, diko likipokea ngalawa, wao ndio wanunuzi wa kwanza, na hawalipi.

Sisi watu wa Pwani tumezoea. Wengine tumezaliwa tukawakuta. Ndiyo maana habari za kurabu tunazisoma kwa kucheka, kama habari za jirani mkorofi ambaye hahami. Lakini safari hii nataka tuangalie upande wa pili wa barabara ya Mombasa, kule inakoishia, kwa sababu jambo hili sasa si letu peke yetu. Kurabu anapanda bara. Mwaka 2024 wataalamu wa ndege walieleza kwamba ameshafika Mtito Andei, yaani karibu nusu ya njia ya Nairobi. Mbele yake iko Kibwezi, Makindu, Emali, Sultan Hamud, kisha Athi River. Kutoka Athi River kwenda Kitengela ni mwendo wa dakika chache kwa matatu.

Hoja yangu ni moja. Kitengela na Kajiado nzima leo wako pale Mombasa ilipokuwa mwaka 1947, yaani ndege bado yuko mlangoni na kumzuia ni kazi ndogo. Sisi tulikuwa na nafasi hiyo tukaipoteza. Tukinyamaza wakaipoteza na wao, lawama haitakuwa yao peke yao.

Huyu ni nani hasa

Kwanza tumtambue ndege mwenyewe, maana jina kunguru limebeba ndege wengi. Huyu tunayemwita kurabu huku Mombasa ni kunguru wa Bara Hindi. Ni mwembamba, mweusi wa kung'aa, na shingoni na kifuani ana rangi ya kijivu kama amevaa shali. Kwao ni India, Pakistan, Nepal, Sri Lanka na nchi za jirani.

Kunguru wa asili yetu ni mwingine. Yule ni mkubwa zaidi, na kifua chake ni cheupe pe, kama kanzu ya Ijumaa. Wazee wanakumbuka kwamba zamani yeye ndiye aliyekuwa kunguru wa miji yetu. Leo kumwona kisiwani Mombasa ni bahati. Hakuhama kwa hiari yake. Alifukuzwa na binamu yake mdogo mwenye ndugu wengi.

Huyo mgeni hakuja kwa mbawa zake. Miaka ya 1890, Unguja ikiwa chini ya himaya ya Waingereza, waliletwa kunguru kutoka Bara Hindi ili wale taka za mji. Fikra ilikuwa kwamba taka ni nyingi, ndege ni wa bure, basi acha ndege afanye kazi ya manispaa. Walifanya kazi hiyo, kisha wakazaana, wakavuka bahari. Mombasa walionekana mara ya kwanza mwaka 1947. Kutoka hapo wakashika Pwani nzima, kusini na kaskazini. Upande wa Tanzania walitoka Dar es Salaam wakaingia bara hadi Morogoro.

Tena si Afrika Mashariki tu. Ndege huyu ni baharia. Hupanda meli bandarini, akalishwa na mabaharia njiani, akashuka meli inapofika. Mwaka 1994 walishuka Hoek van Holland, Uholanzi, nchi ya baridi na theluji, na wakaishi, wakataga. Jamaa zetu walioko Oman wanawajua vizuri, na serikali ya huko imefanya kampeni ya kuwapunguza upande wa Dhofar.

Nguvu yake ni umoja

Mtu akiuliza kwa nini ndege mdogo hivi anaishinda serikali, jibu ni kwamba haji peke yake. Kunguru ni ndege wa jamaa. Mchana hutawanyika kutafuta riziki, jioni hukusanyika kulala pamoja kwenye miti michache, mamia kwa maelfu. Aliyepata jaa jipya leo, kesho anaongoza njia na wenzake wanamfuata. Kwa hivyo ukimwaga matumbo ya samaki nyuma ya nyumba yako mara mbili, mara ya tatu hutamwona mmoja, utaona mkutano wa hadhara.

Umoja huo huo ndio silaha yao. Mwewe akipita, mmoja anapiga kelele, wanakuja kumi wanamfukuza hadi anaondoka mtaani. Paka akikaribia kiota anaona cha moto. Mmoja wao akifa, wengine wanakuja kuzunguka maiti wakipiga makelele, na mahali pale wanapakumbuka kuwa pana hatari. Mwaka 2006, huko Seattle, Marekani, mwanazuoni John Marzluff na wenzake waliwakamata kunguru wa kule huku wamevaa kinyago. Miaka iliyofuata, kila mtu aliyepita amevaa kinyago kile alizomewa na kunguru, wakiwemo wale ambao hawakuwahi kukamatwa, kwa sababu walifunzwa na wenzao. Wale ni kunguru wa aina nyingine, lakini mwenye hoteli yeyote wa Diani au Watamu aliyewahi kuweka mtego wa kizimba atakwambia kwamba hata hawa wa kwetu wanajifunza. Juma la kwanza unawakamata wengi, na kila juma linalofuata wanapungua. Baadaye wanakaa juu ya kizimba chenyewe wanakutazama.

Kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake, walisema wahenga, na uoga wake ndio akili yake.

Jike hutaga mayai matatu hadi matano. Kiota hukijenga kwenye mwembe, mwarobaini, hata nguzo ya stima, kwa vijiti pamoja na vipande vya waya. Hapo ndipo saa nyingine umeme unapokatika mtaani. Kule kwao India yuko ndege mwingine, koeli, ambaye hutaga mayai yake ndani ya kiota cha kunguru ili kunguru amlelee watoto. Huyo ni breki mojawapo ya uzazi wake. Koeli hakuletwa Unguja. Aliletwa kunguru tu, bila breki.

Tulichopoteza

Watu husema kurabu ni kero, kana kwamba shida ni kelele na mahamri yaliyoibwa. Kero hizo zipo. Mama wa mahamri pale mtaani hufunika sinia kwa kitambaa, kisha juu ya kitambaa huweka upawa, na bado hupoteza mawili matatu kila siku. Lakini hasara kubwa hatuisikii, kwa sababu ni hasara ya kimya.

Kurabu hula mayai na makinda ya ndege wengine. Minana waliokuwa wakisuka viota kwenye minazi, chozi wa maua, tetere, ndege wadogo wa bustani, wote hao kiota chao kikionekana hakidumu. Bustani nyingi za Mombasa leo zina sauti moja tu, ya kunguru. Kijana aliyezaliwa miaka ya 2000 hajui kwamba palikuwa na sauti nyingine, basi hawezi kudai asichokijua.

Kuku nao wanaliwa. Mwanamke aliyefuga kuku wa kienyeji ili vifaranga vikikua auze alipe karo, anajua maana ya kuamka na vifaranga kumi na wawili na kulala na saba. Halafu yako maradhi. Ndege huyu asubuhi yuko jaani, mchana yuko kwenye tangi la maji lisilofunikwa, jioni yuko juu ya meza ya samaki, na watafiti wamekuta katika kinyesi chake vijidudu vya magonjwa ya tumbo.

Kitengela kuna nini

Sasa twende Kajiado. Wasomaji wengi wa Pwani wana ndugu Kitengela bila kuijua Kitengela. Ni mji ulioota haraka kando ya barabara ya Namanga. Katika sensa ya 2019 ulikuwa na watu zaidi ya 150,000, na kaunti nzima ya Kajiado ilikuwa na 1,117,840. Pale palikuwa malisho ya Wamaasai na njia ya wanyama. Sasa ni ploti, majumba ya kupanga, mabucha, vibanda vya nyama choma na kuku wa mayai kila uwanja wa nyuma. Upande wa kaskazini, ng'ambo ya mto Mbagathi, iko Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi iliyoanzishwa 1946, ambayo upande huo wa kusini haina ua. Wanyama na ndege wa mbuga hawajui mpaka. Nyanda za Kitengela ni uwanja wao.

Nimekuwa nikienda huko mara kwa mara kwa ajili ya mambo ya jamaa, na kwa mazoea ya mtu wa Mombasa macho yangu huenda juu ya mabati ya bucha. Kunguru niliowaona mimi Kitengela ni wale wenye kifua cheupe, kunguru wetu wa asili. Wanatua wawili au watatu, wanaokota kipande cha mafuta, wanaondoka. Mara moja nilimuuliza mwenye bucha kama hawamsumbui.

"Hapana, mzee," akanijibu, "hawa hawana shida. Wanatusaidia kutoa uchafu."

Nilinyamaza, maana alisema kweli kuhusu ndege aliyekuwa mbele yake. Yule wa kifua cheupe ni mwenyeji, ana nafasi yake, na hata yuko ndege anayetaga ndani ya kiota chake kama koeli anavyofanya kule India. Mungu alimwekea breki. Lakini maneno aliyoyasema ndiyo yale yale yaliyomleta kunguru wa Bara Hindi Unguja. Popote watu wanapoachia ndege kazi ya kutoa uchafu, wameandika barua ya mwaliko, na atakayeipokea si lazima awe yule waliyemkusudia.

Angalia njia zenyewe. Mlango wa kwanza wa Kajiado ni Emali, barabara inapochepuka kwenda Kimana, Oloitoktok na Amboseli. Mlango wa pili ni Athi River na Kitengela. Kote huko matrela kutoka bandarini hupumzika, madereva hula, mabaki hutupwa kando. Treni ya SGR, iliyoanza kubeba abiria 2017, inapita sambamba. Kunguru aliyezoea kusafiri kwa meli kutoka Bombay hashindwi na trela la kutoka Mombasa. Hata asipopanda, ataruka kutoka jaa moja hadi jingine, na majaa yenyewe yamepangwa kama vituo vya basi.

Wako wanaosema baridi ya bara itamzuia. Hilo lisiwadanganye. Kathmandu, mji mkuu wa Nepal, uko juu ya mita 1,300 kutoka usawa wa bahari, na kunguru huyu amejaa mjini humo. Aliyevumilia Uholanzi hataikimbia Kitengela kwa sababu ya ukungu wa Julai.

Akifika, atakayeumia ni nani? Wa kwanza ni mfugaji wa kuku, na Kitengela wako wengi. Wa pili ni ndege wa nyanda, hasa wanaotaga chini kwenye nyasi, ambao kiota chao hakina hata tawi la kukificha. Colin Jackson wa A Rocha Kenya, aliyekaa Watamu miaka mingi akifuatilia ndege hawa, alisema mwaka 2024 kwamba hofu yake kubwa ni kurabu kufika Nairobi, kwa sababu ya ndege wa mbuga ile. Mtu akitoka Mtito Andei kwa barabara, mbuga ile na Kitengela ni uwanja mmoja. Na kusini zaidi, Magadi, wako ndege wadogo wa fukwe za magadi ambao katika Afrika Mashariki wanataga kwenye maziwa machache tu ya namna hiyo. Kunguru akifuata malori ya magadi mpaka huko, hawana pa kuhamia.

Sumu na hesabu yake

Serikali imechagua sumu, ile inayoitwa Starlicide. Nieleze inavyofanya kazi, kwa sababu mtaani kuna uvumi mwingi. Ilitengenezwa Marekani katika miaka ya 1960 kwa ajili ya ndege waharibifu. Hutiwa kwenye vipande vya nyama. Kabla ya hapo kunguru hulishwa nyama safi kwa siku kadhaa mahali pale pale ili wazoee na wajae. Siku ya sumu wanakula, wanaondoka, na wanakufa baadaye kwa figo kushindwa, mara nyingi wakiwa kwenye miti yao ya kulala. Kwa kuwa hawafi papo hapo, wenzao hawajui nyama ndiyo iliyowaua. Na kwa kuwa mwili wa ndege huivunja sumu ile kabla hajafa, hatari ya kumdhuru paka au mwewe atakayekula mzoga ni ndogo kuliko kwa sumu nyingine.

Kwa hiyo chombo chenyewe si kibaya kikishikwa na mtaalamu. Tatizo ni kwamba tumeshakijaribu. Miaka ya 1990 Unguja walitumia mitego na sumu, wakawapunguza kunguru wa mjini mpaka watu wakashangaa utulivu. Mradi ukaisha, fedha zikakatika, kunguru wakarudi. Malindi na Watamu vilevile, sumu ilitumika zamani na ikafanikiwa, kisha uagizaji ukasimama, na ndege wakajaza pengo.

Tufanye hesabu ya dukani. Tuseme umebakisha kunguru mia moja tu, na kwa chakula kilichopo wanaongezeka nusu kila mwaka. Baada ya miaka mitano wamekaribia 760. Baada ya miaka kumi wamepita 5,700. Huo ni mfano tu wa kukadiria, lakini unaonyesha kwa nini kampeni ya miezi sita, hata ikiua wengi namna gani, ni kama kuchota maji kwenye ngalawa inayovuja bila kuziba tundu. Tundu letu ni taka.

Linganisha na Sokotra. Wazee wetu wanakijua kisiwa hicho, njia ya majahazi ya kusi na kaskazi. Kunguru walifika Sokotra katika miaka ya 1990, wachache sana. Watu wa kule hawakungoja. Vijana walilipwa kwa kila kinda waliloleta kutoka kiotani, na kwa njia hiyo idadi haikupata kupanda. Mwaka 2009 wale wachache waliobaki wakapigwa risasi, na habari ikaisha. Sokotra si tajiri kuliko Kenya. Tofauti ni kwamba wao walianza wakati kunguru bado wanahesabika kwa vidole.

Tahadhari kwa Kajiado

Liko jambo jingine linanitia hofu, nalo ni pupa. Siku kurabu atakapoonekana Kitengela na habari zikaenea, wapo watakaochukua dawa ya dukani, waipake kwenye matumbo, watupe nyuma ya nyumba. Kajiado wanajua matokeo yake. Miaka mingi mizoga imetiwa dawa ya wadudu ili kulipiza kisasi kwa simba na fisi, na waliokufa kwa wingi ni tumbusi. Dawa iliyokuwa maarufu kwa kazi hiyo, Furadan, iliondolewa na kampuni yake katika soko la Kenya mwaka 2009 baada ya kelele nyingi, lakini tabia haikuondoka pamoja nayo. Tumbusi ni ndege anayefanya usafi bila malipo, na akishaisha tunabaki na mbwa mwitu wa mitaani na mizoga inayonuka.

Na wa kwanza kufa kwa pupa hiyo atakuwa kunguru wa kifua cheupe, mwenyeji asiye na kosa, kwa sababu ameitwa jina moja na mgeni. Naomba walimu wa shule za Kitengela, Isinya na Kajiado mjini wawafundishe watoto tofauti hiyo sasa: kifua cheupe, mwache; shingo ya kijivu, toa habari. Mtoto wa darasa la nne anaweza kulijua hilo kwa dakika tano.

Yanayopaswa kufanywa

Kwa Kajiado naona kazi tatu, na hakuna hata moja inayohitaji fedha za wafadhili.

Kwanza ni kufunga meza. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 imeshazipa kaunti wajibu wa kupanga ukusanyaji na utenganishaji wa taka. Bucha, kichinjio na hoteli ya nyama choma ziwe na mapipa yenye vifuniko, na mabaki yachukuliwe kila siku. Wasiseme haiwezekani. Kiserian, humo humo Kajiado, kichinjio cha Keekonyokie kimekuwa kikigeuza uchafu wake kuwa gesi. Kinachowezekana Kiserian kinawezekana Kitengela.

Pili ni macho njiani. Emali, Sultan Hamud, Athi River na Kitengela pawe na watu wa kuripoti kwa KWS mara tu mwenye shingo ya kijivu anapoonekana. Jozi moja ikiondolewa na mtaalamu kabla ya kutaga, umeokoa miaka ishirini ya kampeni. Madereva wa trela na wenye mikahawa ya kando ya barabara ndio walinzi bora, kwa kuwa wako pale usiku na mchana.

Tatu ni subira ya kutotumia sumu ya nyumbani.

Na sisi Pwani? Tusijifanye wageni waalikwa katika jambo hili. Kunguru wanaopanda bara wanatoka kwenye majaa yetu. Kibarani ilifungwa na kupandwa miti, na tulifurahi, lakini taka hazikupotea, zilihamishwa. Mwakirunge bado ni karamu ya wazi. Kila mtaa una kona yake ambayo kila mtu anaijua na hakuna anayeisemea. Jumuiya ya Kaunti za Pwani inazo kaunti sita, na kurabu hajui mpaka wa Kilifi na Mombasa. Mombasa ikisafisha peke yake, Kilifi italisha. Jambo hili linataka mpango mmoja, wa miaka mingi, wenye bajeti ya kila mwaka, wala si agizo la kabla ya msimu wa watalii.

Tunataka pia hesabu. Lengo lilikuwa milioni moja kufikia 31 Desemba 2024. Wananchi waambiwe wazi: waliuawa wangapi, wapi, kwa gharama gani, na wangapi wanakisiwa kubaki. Lengo likishindikana si aibu, kazi ni ngumu. Lakini bila hesabu hatuwezi kujua kama pesa ziliua kunguru au zililipia semina, na Kajiado hawatapata cha kujifunza kutoka kwetu ila vicheko.

Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Methali hii husemwa kwa anayesubiri zamu yake, lakini na aliyenyolewa naye ana wajibu wa kupiga kelele wembe unapouma. Ndugu msomaji, kama una mtu Kitengela, Isinya, Kajiado au Emali, mpigie umweleze kuhusu shingo ya kijivu na kifua cheupe. Kisha toka nje utazame pipa lako mwenyewe kama lina kifuniko.